Pawa Saplai Nzito

Siku ambayo Mbishi alitakiwa aseme neno moja tu ili awe mwenye karakana, alikataa kulisema. Neno lenyewe halikuwa gumu. Lilikuwa "inatosha", neno ambalo hata mtoto hulitamka akimiminiwa chai. Ila katika mtaa ule wa mafundi wa kompyuta, likitoka kinywani mwa mjomba wake lilikuwa muhuri. Mteja akishalisikia alibeba mashine yake akaenda zake, wala haulizi la pili.

Mjomba huyo mtaa mzima ulimwita Mizani, kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Mafundi wengine wakiletewa pawa saplai, yaani kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, walisoma maandishi ya ubavuni. Mizani hakusoma kitu. "Ubavuni wanaweza kuandika hata jina la marehemu baba yangu," alikuwa akisema. Yeye alikilaza kisanduku kiganjani, akafumba macho, akakirusharusha kidogo kama mtu anayebembeleza kichanga, kisha akatoa hukumu. Kikiwa chepesi alikirudisha kwa aliyekileta pamoja na matusi ya kiasi. Kikiwa kizito, kinatosha, na mashine inatosha.

Na asije mtu akadhani ulikuwa uganga. Pawa saplai ya kweli ina nyaya za shaba zilizosokotwa na mabapa ya alumini ya kupooza joto, na vitu hivyo vina uzito wake. Ya uongo ni bati na hewa. Kwa miaka mingi mkono ule ulisema kweli tupu. Mbishi, ambaye mjomba alimchukua tangu alipofiwa na mama yake, alikula, akavaa na akasoma kwa mkono huohuo. Hata jina la Mbishi alipewa na mjomba, siku alipojua kuongea na neno lake la kwanza likawa "hapana".

Sasa macho ya Mizani yalikuwa yameanza kufanya ukungu. Hakuweza tena kuchomelea waya mdogo, na skrubu zilimponyoka zikapotelea chini ya meza, naye akabaki kuzipapasa huku akizilaani. Ndiyo maana aliamua kupumzika na kumwachia mpwa wake karakana, vyombo, wateja na jina. Sharti lake lilikuwa moja. Siku ya makabidhiano yeye angepima, na Mbishi angelisema neno mbele ya mteja, ili mtaa usikie na mambo yaishe.

Mteja wa siku hiyo alikuwa mchora ramani za nyumba, mwanamke mrefu, mwenye haraka, anayeongea huku anatembea. Alitaka mashine yenye kadi kubwa ya picha, ile inayochora nyumba kwenye skrini mpaka mtu anatembea ndani yake kabla msingi haujachimbwa. Kadi za namna hiyo hunywa umeme bila haya. Mbishi ndiye aliyeiunda mashine kwa mikono yake, na alijivunia kila waya uliokuwemo. Kitu kimoja tu hakukichagua yeye, nacho ni pawa saplai, iliyotoka kwenye shehena mpya aliyoinunua mjomba mwenyewe.

Alikuwa ameipima. Aliiwasha mashine, akaipa kazi ya kuikamua mpaka feni zikalia, kisha akagusisha ncha za mita yake ya kupimia umeme kwenye waya wa njano na mweusi. Hapo panatakiwa volti kumi na mbili. Zikishuka kidogo fundi anavumilia, zikifika kumi na moja na nusu anaanza kujikuna kichwa. Kwenye mashine hii zilishuka hadi kumi na moja kamili, na zilikuwa bado zinateremka Mbishi alipoizima kwa hofu. Ubavuni kisanduku kilijitapa kwamba kinatoa wati mia sita. Mashine nzima, na kadi yake ya kunywa umeme, haikuhitaji hata mia nne.

Alimwambia mjomba. Mjomba akamwambia abadilishe betri ya mita. Akabadilisha, mita ikasema yaleyale. Mjomba akasema labda umeme wa mtaa ulikuwa mdogo. Akapima umeme wa ukutani, akaukuta mzima kabisa.

"Kwani mashine ilizimika yenyewe?" mjomba aliuliza mwishowe.

"Haikuzimika. Niliwahi kuizima mimi."

"Basi! Mgonjwa anakula, analala, anacheka, wewe unamchimbia kaburi. Hebu lete hapa." Akakilaza kisanduku kiganjani, akafumba macho, akatabasamu. "Nzito, mwanangu. Nzito kuliko zote zilizowahi kupita hapa. Haya mambo ni ya mkono, mita yako itayajulia wapi?"

Mbishi alirudisha pawa saplai ndani ya mashine, akaifunga, akanyamaza. Lakini alijichukia kwa kunyamaza, na asubuhi ya makabidhiano aliamka bado anajichukia.

Mizani alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Majirani wachache walikuwa mlangoni, na mbele yao wote alikuwa mpiga picha wa upande wa pili wa barabara, mtu ambaye hajawahi kumwona binadamu bila kumwambia ainue kidevu. Mchora ramani alisimama kando ya meza, ufunguo wa gari mkononi, akiitazama saa yake.

"Leo neno halitoki kwangu," Mizani alisema, sauti imejaa. "Mimi nimeshapima. Mpwa, mwambie mteja wetu."

Mbishi aliitazama mashine, akamtazama yule mwanamke, akautazama mkono wa mjomba uliokuwa umelala juu ya mashine kwa upendo. Ilikuwa rahisi mno. Aseme, watu wapige makofi, mjomba afurahi, yeye awe mwenye meza ile aliyokuwa akiitamani tangu kidevu chake kilipokuwa hakifiki ukingoni mwake. Alifungua kinywa, lakini neno likagoma.

"Mpwa," mjomba alimgusa bega. "Mteja ana haraka."

"Mashine haitoki," Mbishi alisema.

"Haitoki vipi?" mchora ramani aliruka. "Nina watu wananingoja!"

"Dada, pawa saplai yake ni dhaifu. Itakubeba vizuri ukiwa unaandika barua. Siku ukiipa nyumba ya kuchora, itakuzimikia katikati ya kazi. Ikizimika kwa wema utapoteza kazi. Ikizimika kwa ubaya itaondoka na hiyo kadi yako."

"Anatania," Mizani alisema, akicheka peke yake. "Huyu tangu utotoni ni mtu wa utani."

"Sitanii, mjomba."

"Nimeshapima mimi!"

"Na mimi nimepima."

Mlangoni mtu akaguna. Mchora ramani aliwageukia mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa watu akakuta wanagombana. "Mmoja ananiambia nzima, mwingine ananiambia mbovu," alisema. "Mkishapatana mnipigie simu." Akaondoka, visigino vikilia barabarani mpaka mlango wa gari ukajibamiza.

"Kumekucha," alisema mpiga picha, kisha akavuka barabara mbio, kwa maana habari ya namna ile haikai tumboni.

Walipobaki wawili, Mizani hakupiga kelele. Mbishi angeomba apigiwe kelele, maana kelele angezijibu. Mzee alikaa kwenye stuli, akauweka mkono wa kulia juu ya goti na kuutazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Macho yamekwenda," alisema. "Kiuno kimekwenda. Kilichobaki ni mkono huu. Na wewe unataka niuzike, tena mbele za watu?"

Ilimchoma Mbishi kama maji ya moto. Alimpenda mjomba wake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na pale alipokuwa amesimama alitamani kupiga magoti. Lakini volti zilikuwa zimeshuka, na hakuna namna ya kuwapenda watu itakayozipandisha. Akavuta bisibisi, akaifungua mashine na kukitoa kisanduku.

"Unafanya nini?"

"Naifungua pawa saplai."

Mizani alisimama. Katika karakana ile kisanduku hicho hakikufunguliwa kamwe. Kwanza, ndani yake kuna vikopo vinavyohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na enzi za ujana wake Mizani alimwona rafiki akirushwa chini na umeme wa aina hiyo. Pili, stika inayoziba kifuniko ikishachanika, muuzaji hapokei tena mzigo wake.

"Nimeiacha bila waya tangu jana mchana," Mbishi alisema kabla hajaulizwa. "Umeme wake umeshalala."

"Ukichana hiyo stika, mpwa, hasara ni yako. Mimi simo."

"Na iwe yangu."

Akachana. Akaondoa skrubu moja moja, akazipanga juu ya kitambaa, akainua kifuniko. Alitegemea kukuta shaba ndogo, na kweli aliikuta, msokoto mwembamba usiozidi kidole gumba. Mabapa ya alumini yalikuwa mepesi kama kifuniko cha kopo. Lakini pembeni, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu, palikuwa na bonge lililovikwa plastiki nyeusi na kubandikwa kwa gundi. Hakuna hata waya mmoja uliokuwa unakwenda pale. Alilichokonoa mpaka likabanduka, akaichana plastiki.

Alikuwa amejua kuwa mita yake ilisema kweli, na alikuwa amejiandaa kufurahi. Badala yake alilipangusa vumbi, akamgeukia mzee.

"Mjomba, nipe mkono."

Mzee alitoa kiganja, bado amenuna. Mbishi akaliweka bonge pale. Kwa mazoea tu, Mizani alifumba macho na kulirusharusha.

"Zito," alisema. "Ni nini?"

"Zege."

"Zege gani?"

"Zege la kujengea, mjomba. Mchanga, kokoto na saruji. Limo ndani ya pawa saplai."

Mizani alifumbua macho. Akalipapasa lile bonge kwa vidole vyote, akalikwangua kwa kucha, akanusa. Mahali fulani, mtu asiyemjua alikuwa amesikia kwamba kuna mafundi wanaopima kwa mkono, akaona badala ya kuongeza shaba ni nafuu kuuongezea mkono uzito. Mkono haukukosea hesabu yake. Ulidanganywa na mtu aliyeujua vizuri, na hilo lilimuuma mzee zaidi ya kukosea kwenyewe.

"Funga mlango," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Funga mlango, nisikilize. Nyingine za shehena hii zimeshatoka. Wanazo watu. Tuzifuate? Tukaseme nini? Zikiharibika zitarudi zenyewe, na zikirudi tutazitengeneza kimyakimya. Tutasema ni umeme wa mtaa. Umeme wa mtaa kila mtu anautukana, haujawahi kulalamika."

Siku nyingine Mbishi angecheka. Mjomba alikuwa na ulimi wa kuchekesha hata msibani. Lakini alimwona anavyolificha lile bonge chini ya mkunjo wa shati lake zuri, na hasira ikampanda, hasira iliyochanganyika na huruma mpaka hakujua ipi ni ipi.

"Mpiga picha anayo moja," alisema. "Hivi tunavyoongea, anaunganisha video ya harusi ya watu. Watu wameoana mara moja, mjomba, hawatarudia ili yeye awapige upya."

"Atapona. Mashine yake si kubwa kama hii."

"Unajua, au unaombea?"

"Mpwa, utanivua nguo barabarani."

"Nguo utavaa nyingine. Sisemi uongo kwa ajili ya zege."

Mizani alisimama kati yake na mlango. Hakuwa mtu mkubwa, na uzee ulikuwa umempunguza, lakini alijinyoosha. "Basi nisikie vizuri," alisema. "Ukivuka barabara hii na habari hiyo, usirudi kwenye meza yangu. Nitatafuta mtu mwingine wa kumwachia. Nitampa hata mpita njia. Mimi nimelijenga jina hili na mimi sitalibomoa, wala wewe hutalibomoa nikiwa hai."

Mbishi aliitazama meza. Aliijua kwa kila kovu lake. Hapa ndipo alipojifunzia kuchomelea, akaunguza vidole, mjomba akavipuliza. Pale pembeni ndipo alipofanyia kazi za shule, kitabu kikinuka risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, wala kazi nyingine aliyoijua, na mzee alilijua hilo alipotamka.

"Mtafute, basi," alisema.

Akachukua bisibisi na mita. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na pawa saplai ya zamani, yenye vumbi, ambayo alishawahi kuikamua kwa mita na haikutetereka. Akaikwapua, akaibana kwapani. Mjomba hakumpisha, ikabidi apite ubavu kwa ubavu, na mabega yao yakagusana. Alitembea bila kugeuka nyuma, kwa sababu alijijua. Angegeuka, angerudi.

Mpiga picha alikuwa mbele ya kompyuta yake, kwenye chumba chenye pazia la bluu na kiti kimoja cha kifalme cha wateja. Feni ya mashine ilikuwa inalia kwa nguvu. Kwenye skrini bibi harusi alikuwa ameganda katikati ya kicheko.

"Aa, mwenye makuu!" mpiga picha alimpokea. "Umekuja kunisimulia mwenyewe? Inua kidevu basi, usikae kinyonge."

"Zima mashine yako, kaka."

"Nizime?"

"Pawa saplai yake ni ya shehena ileile. Tulikuuzia kitu kibovu. Nimekuletea nyingine nzima, nitakubadilishia sasa hivi, hutatoa kitu."

Mpiga picha alimtazama, kisha akaitazama mashine, kisha akaikumbatia kwa mkono mmoja kama mtu anayelinda sahani yake mezani. "Hii aliipima Mizani," alisema. "Nilikuwepo. Aliniambia inatosha."

"Aliniambia na mimi."

"Na wewe hujapewa neno bado. Tena leo umelikataa, nimeona kwa macho yangu. Sasa nani ananiambia nizime? Mizani au wewe?"

"Ni mimi."

"Wewe kama nani?"

Jana Mbishi angejibu kwamba yeye ni mpwa wa Mizani. Asubuhi angeweza kujibu kwamba yeye ni mwenye karakana. Sasa hakuwa na meza, hakuwa na jina, alikuwa na bisibisi na kisanduku cha zamani chenye vumbi. Feni ilizidi kulia. Alisikia harufu nyembamba ya joto, ile ambayo fundi huisikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kama mtu aliyeifungua akaona kilichomo," alisema, akasogea. "Nipishe."

"Hunigusii mashine!" Mpiga picha alijitupa kati ya Mbishi na mashine, akapaza sauti kupitia mlango uliokuwa wazi, maana yeye kila jambo lilitaka hadhira. "Mizani! We Mizani! Njoo umchukue mpwa wako, anataka kunizimia mashine! Si uliipima wewe hii?"

Mtaa ulisimama. Mafundi walitoa vichwa madirishani. Muuza vifuniko vya simu alinyamazisha redio yake. Ng'ambo ya barabara Mizani alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mkono mmoja kwenye fremu, akikodoa macho kuelekea sauti ilikotoka. Kwa umbali ule hakuweza kuwaona. Mbishi alijua kwamba kwake wao walikuwa vivuli tu.

"Niambie neno moja, nimfukuze!" mpiga picha aliita. "Uliipima au hukuipima?"

Mzee aliingiza mkono wa kulia chini ya mkunjo wa shati lake. Mbishi alijiandaa. Aliamua kwamba mjomba akisema mashine ni nzima, yeye atauchomoa waya ukutani kwa nguvu, apigwe kama ni kupigwa, na kesho ataanza kutafuta kazi mtaa mwingine.

"Niliipima," Mizani alijibu.

"Umesikia?" mpiga picha alimgeukia Mbishi.

"Nilipima zege!" mzee alipiga kelele, na sauti yake ilipasuka katikati. Akainua mkono wa kulia juu, lile bonge likiwa kiganjani, ili kila mwenye macho mazuri kuliko yake alione. "Wameweka zege ndani, na mimi nikasema inatosha! Kila aliyechukua mashine kwangu tangu shehena hii iingie, aizime, aturudishie! Mnasikia? Wote!"

Hakuna aliyecheka. Mpiga picha alibaki kinywa wazi, kidevu kimeshuka.

"Sasa... sasa nifanye nini, Mizani?" aliuliza, safari hii kwa adabu.

"Usiniulize mimi! Mwenye karakana yuko hapo mbele yako, na wewe umemzibia njia!"

Mbishi alitaka kulia, alitaka kuvuka barabara akamkumbatie yule mzee aliyebaki amenyoosha mkono hewani kana kwamba hakujua namna ya kuushusha. Lakini harufu ya joto ilikuwa inazidi.

"Hifadhi kazi yako," alimwambia mpiga picha, akipiga goti kando ya mashine na kupangusa vumbi la ile pawa saplai kwa mkono wa nguo yake. "Haraka. Halafu chomoa waya."